Rota Mbili, Tatu au Nne? Ulinganisho kwa Anayeunda Injini ya Mzunguko Nakuru na Kisumu

Wenye Mazda RX-8, gari la injini ya mzunguko (yenye rota zinazozunguka badala ya pistoni), waliosalia upande huu wa nchi hufika karakana kwa namna mbili. Wapo wanaoletwa na gari likivutwa kwa kamba, kwa sababu injini imepoteza mgandamizo na ikishapata moto haiwaki tena mpaka ipoe. Na wapo wanaokuja na simu mkononi, ndani yake mna video ya injini ya rota nne ikilia kama mzinga wa nyuki uliochokozwa. Wote huishia kwenye swali lilelile: injini ikishafunguliwa na fedha zikishaanza kutoka, ni heri kurudisha rota mbili kama kiwanda kilivyoziweka, kuongeza ziwe tatu, au kufika nne kabisa? Ninayeandika ni mkereza vyuma wa Nakuru. Upendeleo ninao, nami sitauficha.

Kinachoongezwa unapoongeza rota

Kabla ya kulinganisha idadi, inafaa kujua rota moja ni kitu gani kwa vipimo. Injini za ukoo wa 13B, ambazo ndizo zilizowekwa kwenye RX-7 za baadaye na RX-8, zina nyumba yenye umbo la namba nane iliyonenepa kiunoni, na ndani ya nyumba hiyo rota yenye nyuso tatu huzunguka huku kituo chake kikiwa kimejitenga milimita 15 na mhimili wa shafti. Kutoka kituo cha rota hadi ncha huhesabiwa milimita 105, na upana wa rota ni milimita 80. Zidisha 15 kwa 105 kwa 80, kisha uzidishe jibu kwa 5.196, nawe utapata sentimita za ujazo 654 na ushei, ambazo ndizo ujazo wa chumba kimoja. Rota mbili basi ni 1,308, tatu ni 1,962 na nne ni 2,616.

Tarakimu hizo zinadanganya kwa upole. Rota huenda kwa theluthi moja ya mwendo wa shafti, lakini kwa kuwa ina nyuso tatu, kila shafti inapomaliza mzunguko mmoja kila rota huwa imetoa mlipuko mmoja. Injini ya pistoni ya mipigo minne huhitaji mizunguko miwili ili kila silinda ilipuke mara moja. Kwa hiyo 13B huvuta hewa kama injini ya pistoni ya lita 2.6, ya rota tatu kama lita 3.9, na ya rota nne kama lita 5.2, na petroli hufuata hewa. Anayejipa moyo kwamba rota nne ni "lita mbili na nusu tu" atakumbushwa hesabu hii kwenye kituo cha mafuta kabla hajafika Salgaa.

Kwa ulaini wa mwendo tofauti ni ya kweli. Rota mbili hulipuka kila nyuzi 180 za mzunguko wa shafti, tatu kila nyuzi 120, na nne kila nyuzi 90. Ya tatu ndiyo inayosikika kwanza na dereva, kwa sababu mtikisiko wa mwendo wa chini hupungua sana. Ya nne huongeza zaidi sauti kuliko ulaini.

Historia nayo inasaidia kupima ugumu wa kila chaguo. Rota mbili zimeundwa kiwandani kwa makumi ya miaka, tangu Cosmo Sport ya mwaka 1967. Rota tatu ziliuzwa kwenye gari moja tu la barabarani, Eunos Cosmo yenye injini ya 20B, kati ya 1990 na 1996. Rota nne hazikuwahi kuuzwa kwenye gari la mnunuzi wa kawaida. Injini ya R26B iliyoshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1991 ndani ya Mazda 787B ilikuwa ya mashindano, ikitoa takriban nguvu farasi 700 kwa mizunguko 9,000 kwa dakika, ikiwa na plagi tatu kwa kila rota. Maana yake ni kwamba mwenye rota mbili ananunua vipuri, mwenye rota tatu anatafuta vipuri, na mwenye rota nne anaagiza vitengenezwe.

Shafti ndiyo inayoamua

Watu wengi huanza na turbo (si mji ule ulio kwenye njia ya Webuye), wakaja kwenye kompyuta, kisha rangi, na shafti wakaikumbuka mwisho. Mimi ningeanza na shafti na kukaa hapo muda mrefu, kwa maana ndipo tofauti kati ya rota mbili na zaidi ya mbili ilipo.

Kila rota ina gia ya ndani yenye meno 51 inayotembea juu ya gia tuli yenye meno 34. Gia tuli haizunguki. Kazi yake ni kuifanya rota ifuate njia yake ndani ya nyumba. Katika injini ya rota mbili jambo hili ni jepesi, kwa sababu gia tuli ya mbele hufungwa kwenye bamba la mbele (mabamba ni kuta zinazofunga nyumba za rota kwa ubavuni) na ya nyuma kwenye bamba la nyuma, na beringi kuu za shafti hukaa humohumo ndani ya gia hizo. Bamba la kati halina gia, lina tundu pana tu. Shafti yenyewe, ambayo wengi wetu huiita kranki kwa mazoea, ni kipande kimoja chenye pembe mbili, yaani vinundu vinavyobeba rota, zinazotazama pande zinazopingana, na wakati wa kufunga huinuliwa kidogo ili bamba la kati lipite juu ya pembe. Fundi mwenye mikono mitulivu hufanya kazi hiyo peke yake.

Ongeza rota ya tatu, na rota moja sasa iko katikati, haina bamba la mwisho la kushikilia gia yake. Gia hiyo lazima iwekwe ndani ya bamba la kati, na shafti lazima ipite ndani ya gia. Tundu la gia ni jembamba kuliko pembe ya shafti. Haipiti. Hakuna ujanja wa kuinua wala kuinamisha utakaosaidia; shafti lazima ikatwe vipande na kuunganishwa tena wakati injini inafungwa. Kiwanda kilitatua hivyo kwenye 20B: bamba moja la kati likafanywa nene ili libebe gia, na shafti ikawa ya vipande viwili vinavyokazana kwa kiungo cha koni. Kwenye rota nne tatizo huongezeka mara mbili, kwani gia mbili ziko katikati, na shafti huundwa kwa vipande viwili au vitatu kulingana na mtengenezaji.

Kiungo cha koni kinaonekana kama kitu ambacho lethi yoyote nzuri inaweza kukikereza, na hapo ndipo wengi hupotelea. Kuna wakati rafiki aliniletea shafti ya vipande viwili iliyokerezwa katika karakana moja ya mji mwingine, akitaka nihakikishe kabla ya kufunga. Kwa macho ilikuwa nzuri, inang'aa, na vipande viliposukumwa pamoja vilikaa bila kucheza. Nilipaka rangi ya bluu ya mafundi, safu nyembamba kama pumzi kwenye kioo, juu ya koni ya kiume, nikaiingiza ndani ya ya kike, nikaizungusha robo mzunguko na kuitoa. Kama koni mbili zimelingana, bluu husambaa sawasawa juu ya uso wote. Ya rafiki yangu ilikuwa imegusa kwenye ukanda mmoja tu upande wa mdomo mpana, usiozidi upana wa ukucha wa kidole gumba, na sehemu iliyobaki ilikuwa kavu kama ilivyokuja. Shafti hiyo ingebeba nguvu yote ya injini juu ya ukanda huo. Ingeanza kuteleza, pembe zingehama kutoka kwenye nyuzi zake, na rota zingeanza kulipuka kwa wakati usio wake. Haikuwahi kuwashwa, na ninaihesabu kuwa bahati.

Sisemi kwamba Nakuru au Kisumu hakuna lethi za kufaa. Ninasema kwamba shafti ya rota nyingi inahitaji chuma cha aloi kinachojulikana asili yake, kuongezwa ugumu kwa moto uliopimwa, kusagwa baada ya kuongezwa ugumu, na kusawazishwa ikiwa na uzito wa rota zake. Tukikosa hatua moja, zile nyingine hazifidii. Wanaozitengeneza mara kwa mara wako zaidi Australia na New Zealand, ambako injini za mzunguko zimekuwa mchezo wa vizazi, na kwa maoni yangu ndiko kwa kununua. Tunachoweza kukereza hapa bila wasiwasi ni mabano ya kushikilia injini, puli, flanji za ekzosi, mifereji ya kuingizia hewa na bamba la kuunganisha giaboksi. Hizo ni kazi za kutosha kumshughulisha fundi miezi kadhaa.

Jambo la pili linalohusu shafti ni kupinda. Shafti ya rota mbili imeshikwa ncha zote mbili na urefu wake si mkubwa. Kila rota inayoongezwa inaleta milimita 80 za nyumba pamoja na unene wa bamba jingine, na shafti ndefu iliyoshikwa ncha tu hupinda kama ufito ikizungushwa kwa kasi. Ndiyo maana shafti nzuri za rota tatu na nne huwekewa beringi katikati pia. Muuzaji akikuonyesha shafti ya rota nne isiyo na beringi ya kati, huku akikuahidi mizunguko 10,000, mwache aendelee na wateja wengine. Nazo boliti ndefu zinazobana nyumba na mabamba yote kuwa kitu kimoja hurefuka pamoja na injini, na boliti ikirefuka hunyumbuka zaidi. Katika rota nne huwekwa za chuma kigumu zaidi na pini za kuzuia mabamba yasihame.

Hewa ya Nakuru si hewa ya Mombasa

Video nyingi za rota nne hutoka miji iliyo kando ya bahari. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu 1,130, Eldoret karibu 2,100, na anayekwenda Eldoret kupitia Timboroa hupita zaidi ya mita 2,700. Mgandamizo wa hewa wa Nakuru ni kama asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Wa Kisumu ni kama asilimia 87.

Sasa lipeleke hilo kwenye rota. Injini ya rota nne isiyo na turbo ikiwa Nakuru inapata hewa ya sentimita za ujazo 2,093 kwa kipimo cha pwani, yaani rota tatu na ushei. Rota yote ya nne, ukitoa kipande kidogo, imeliwa na mwinuko. Umelipia shafti ya vipande, mabamba matano na plagi nane ili upate nguvu ambayo mtu wa Mombasa angeipata karibu yote kwa rota tatu. Kwa mkazi wa Kisumu hasara ni ndogo zaidi, ingawa bado ipo, na joto la mchana wa Kisumu huongeza lake.

Kwa turbo mambo hubadilika, kwa kuwa turbo hairuhusu mwinuko ukuamulie. Inasukuma hewa mpaka ifike kiasi ulichokipanga. Lakini haifanyi hivyo bure. Injini iliyopangwa kupata mgandamizo kamili wa kilopaskali 202 huhitaji turbo izidishe hewa mara mbili ikiwa pwani, na mara mbili na nusu ikiwa Nakuru. Turbo inayotosha Mombasa hapa itazunguka kupita kiasi na kutoa hewa ya moto, na hewa ya moto ndiyo mama wa kugonga kwa injini, ule mlipuko usio wa wakati wake ambao katika injini ya pistoni hupiga kelele na katika injini ya mzunguko huvunja sili za ncha, vile vipande vinavyoziba ncha za rota, papo hapo. Rota mbili zenye turbo iliyochaguliwa kwa mwinuko huu, kipoza hewa kikubwa, na ramani ya kompyuta (mpangilio wa mafuta na moto wa plagi) iliyoachiwa nafasi ya petroli isiyo nzuri sana, zitapanda Mau Summit kwa nguvu zaidi ya rota nne zisizo na turbo zilizojengwa kwa haraka. Ninajua sauti haitalingana. Anayenunua sauti na aseme mapema kwamba ananunua sauti.

Mwinuko huu pia umewadhulumu wenye injini nzima. Mazda iliweka kiwango cha mgandamizo wa injini ya RX-8 kuwa kilopaskali 830 ikizungushwa kwa mizunguko 250 kwa dakika, na kiwango cha chini cha kukubaliwa kuwa 680. Injini hiyohiyo yenye afya, ikipimwa Nakuru, itaonyesha karibu 660, kwa sababu hewa iliyoingia ilikuwa chache tangu mwanzo. Nimeona zaidi ya mara moja injini iliyohukumiwa kifo kwa kipimo cha namna hiyo, ikafunguliwa, na ndani sili zikakutwa ni nzima. Kabla hujaamua kwamba rota zako mbili zimekufa na kwamba huo ni mwanya wa kuhamia tatu, geuza kipimo kulingana na mahali ulipo. Kwa Nakuru kiwango cha chini kinachofaa kulinganishwa ni kama 545. Tazama pia tofauti: vyumba vitatu vya rota moja visipishane zaidi ya kilopaskali 150, na rota kwa rota zisipishane zaidi ya 100. Tofauti hiyo husema ukweli hata pale kipimo chenyewe kinapobishaniwa.

Joto, uzito na giaboksi

Injini ya mzunguko hutupa joto jingi kwenye ekzosi, na rota zenyewe hupozwa kwa oili inayorushwa ndani yake, si kwa maji. Kwa hiyo kila rota ni mzigo mpya juu ya kipoza oili. Malori yanapojipanga Salgaa na wewe uko nyuma yao kwa gia ya kwanza, hakuna upepo unaopita mbele ya gari, na hapo ndipo rota ya tatu na ya nne huonyesha kama ziliwekewa vipoza vya kutosha. RX-8 nyingi za giaboksi ya mkono zina vipoza oili viwili, navyo vinatosha rota mbili zilizo katika hali ya kiwanda. Kwa rota tatu ningeanza na vipoza vikubwa zaidi na feni zake. Kwa rota nne pua nzima ya gari hugeuka kuwa vipoza.

Urefu nao unadai chake. Sifa ya RX-7 na RX-8 ni kwamba injini yao fupi hukaa nyuma ya ekseli ya mbele, na gari likapata mizani inayolifanya lifuate usukani kwa wepesi. Rota zikiongezwa, ama injini inasogea mbele na pua inakuwa nzito, ama ukuta unaotenganisha injini na abiria unakatwa na miguu ya dereva inaanza kuoka. Nilichokiona kikifanya kazi vizuri ni kukata ukuta. Kilichoharibu magari ni kusogeza injini mbele kwa kuogopa kukata.

Giaboksi husahauliwa hadi itakapovunjika. Injini ya RX-8 ilitolewa kiwandani ikiwa na msokoto wa takriban nyutonimita 211, ilhali 20B ya Cosmo ilitoa karibu 402. Ni karibu mara mbili. Giaboksi ya RX-8 haikuundwa kwa kazi hiyo, na Cosmo yenyewe ya rota tatu haikuwahi kuuzwa na giaboksi ya mkono, basi hata ukipata injini kamili bado hujapata kila kitu. Anayechagua tatu au nne na aweke giaboksi, klachi, shafti ya nyuma na difu kwenye hesabu ya siku ya kwanza.

Hesabu ya vipuri

Kila rota ina sili tatu za ncha, sita za ubavuni na sita za kona, mbali na springi zake na pete za oili. Rota mbili zinahitaji sili za ncha 6, za ubavuni 12 na za kona 12. Tatu ni 9, 18 na 18. Nne ni 12, 24 na 24. Kila sili ya ubavuni hupunguzwa kwa tupa hadi nafasi kati yake na sili ya kona iwe kati ya milimita 0.05 na 0.15, na ni kazi ya kukaa kitako na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), sili moja baada ya nyingine, kila moja ikiandikwa mahali pake. Fundi akichoka kwenye ya ishirini, injini itamkumbusha. Mabamba ni matatu, manne au matano. Ni ya chuma cha kusubu, nayo yakichimbika hupelekwa kusawazishwa. Nyumba za rota, zenye krome ndani, ndizo ghali na ndizo zisizofufuka: krome ikibanduka karibu na plagi, nyumba hiyo huwa imekwisha.

RX-8 ziliacha kuundwa mwaka 2012, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo magari yaliyopo ndiyo hayo. Wanaotaka rota mbili bado wana akiba ya RX-8 zilizolala nyuma ya nyumba, ingawa injini zake hutoa moshi kupitia milango ya ubavuni badala ya milango iliyo kwenye nyumba ya rota, na anayetaka turbo kubwa kwa kawaida hupendelea nyumba za 13B-REW, ile injini ya turbo ya RX-7. Rota za RX-8 zina uwiano wa mgandamizo wa 10 kwa 1, za REW 9 kwa 1. Za kwanza zinafaa injini isiyo na turbo, hasa kwa mwinuko wetu; za pili zinafaa turbo.

Kwa petroli, mimi huchanganya oili ya mipigo miwili kidogo kwenye tangi hata pampu ya oili ya kiwanda ikiwa nzima, maana sili za ncha hulainishwa kwa oili inayoungua. Mkazi wa Kisumu ana nafuu: oili ya injini za mashua iko Dunga na kwenye maduka ya wavuvi, na ile isiyoacha majivu inafaa.

Kompyuta sitaichelewesha. Rota mbili zinahitaji koili nne, tatu sita, nne nane, na kompyuta lazima ijue kutenganisha plagi ya kwanza na ile inayoifuata kwa nyuzi chache. Iliyo bora kwa rota nne inaweza kuendesha rota mbili pia, kwa hiyo hapo pa kubana matumizi si pengi.

Nani achague nini

Anayeendesha gari kwenda kazini, akapanda Kericho mwisho wa mwezi kuwaona wazazi na kuteremka Kisumu mara moja moja, abaki na rota mbili zilizofungwa kwa uangalifu, bila turbo, na afurahie. Anayetaka mbio za vumbi au kupanda milima apate rota mbili zenye turbo ya mwinuko. Mazda yenyewe ilipeleka RX-7 ya rota mbili kwenye Acropolis Rally mwaka 1985 ikamaliza ya tatu, bila turbo, kwa hiyo rota mbili si aibu kwa mtu yeyote wa mashindano.

Rota tatu zinamfaa aliyepata 20B halisi yenye shafti, gia ya kati na bamba lake nene, hata kama nyumba zimechakaa. Kwa maoni yangu huo ndio mpaka: tatu kutoka kwenye 20B ni ujenzi, tatu kutoka kwenye vipande vya 13B ni uvumbuzi, na uvumbuzi una bei yake. Mwenye 20B na turbo moja kubwa atapata injini laini kuliko zote nilizozitaja, na sioni kwa nini angetamani ya nne.

Rota nne ni za mtu ambaye kuunda kwenyewe ndiko starehe yake, mwenye gari jingine la kumpeleka sokoni, na asiyeweka tarehe ya kumaliza. Simkatazi. Kijana aliyenijia kutoka Kisumu akisema, "Fundi, mimi ni nne au niache," nilimpa kiti na chai, tukahesabu pamoja hadi jioni, naye hakuacha.

Lipo pia chaguo ambalo wenye RX-8 hawapendi kulisikia, la kutoa injini ya mzunguko na kuweka ya pistoni ya Toyota. Litakuwa nafuu. Halijibu swali la ukurasa huu, nami naliacha hapo, ila nikumbushe kwamba kwa chaguo lolote, namba ya injini ikibadilika lazima rekodi ya gari irekebishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama.

Kwa yule kijana wa Kisumu na wenzake nilitoa sharti moja. Shafti inunuliwe kwanza, kabla ya sili moja wala kompyuta, iletwe ikiwa na gia zake na mabamba ya kati, tupake bluu kwenye koni zote, tuikaze kwa kipimo cha mtengenezaji, tuilaze kwenye vitalu vya V na kuizungusha chini ya dayo geji, saa ya kuonyesha kama imepinda. Ikikubali hapo tutaifunga kavu na mabamba yake, bila sili, na kupima mchezo wake wa mbele na nyuma. 13B huutaka uwe kati ya milimita 0.04 na 0.07. Yake iko njiani, na nafasi yake mezani nimeshaifagia.